Mkate Mmoja kwa Kadi

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipofika. Barua hii nimeianza na kuiacha sijui mara ngapi. Kila nikishika kalamu, Chiriku anawashwa mahali ambapo mkono wake haufiki, na mimi ndiye mkono wenyewe. Nikimaliza kumkuna nimeshasahau nilichotaka kusema, halafu nasinzia nikiwa nimekaa. Kwa hiyo usinifikirie vibaya. Ni uchovu tu, si kiburi.

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Miguu yake bado inamsumbua? Na wifi yangu mtarajiwa, mwalimu wetu wa chekechea, hajambo? Ukumbi mmeshapata? Mwambie gauni la kuvaa siku yenu nimeliona dirishani huku, nikalipita bila kugeuza shingo.

Sisi tupo. Chumba chetu ni cha mwisho kutoka ngazini, kwenye nyumba ya wageni nyuma ya hospitali. Kina kitanda kimoja, sinki, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Chiriku amefungwa plasta ngumu kuanzia kifuani hadi vidole vya mguu wa kushoto, na wa kulia imeishia gotini. Katikati wameweka kijiti cha kuitanua miguu. Mpwa wako amekuwa kama kiti. Wagonjwa wengine wanakuja kumtazama, naye anawapigia soga kwa lugha yetu, wao wanamjibu kwa yao, na hakuna anayekasirika. Viatu vyake viko chini ya kitanda, kile cha kushoto kikiwa na soli uliyomwongezea kwa mpira wa mlango wa lifti, maana mguu huo ni mfupi na yeye husema miguu yake imegombana. Kila asubuhi anauliza kama bado kipo. Daktari anasema nyonga inataka muda, na kwamba tungoje picha nyingine.

Sasa kuhusu kadi yako ya mkopo. Naitumia kwa adabu. Nakumbuka ulivyonikabidhi pale kituoni ukaniambia, "Hii ndiyo shingo yangu, usinifiche kitu." Sikufichi. Sinunui vitu vingi kwa pamoja. Asubuhi mkate, mchana maziwa, jioni sabuni au dawa, kile kinachohitajika saa hiyo na basi. Na mashine ya dukani inaponiuliza nilipe kwa fedha ya huku au ya kwetu, nabonyeza ya kwetu kila mara, ili ukitazama simu uelewe papo hapo bila kupiga hesabu. Muuza duka hunitazama kama mtu mwenye neno, lakini lugha hana.

Nimeandika badala ya kukuambia kwa simu kwa sababu unaijua mwenyewe nyumba yako. Jumapili tukipiga, sikio la Mama limeshaingia ndani ya simu kabla ya lako.

Ni mimi mdogo wako.


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na doa la maziwa, nikajua kweli imetoka kwako. Huku hatujambo. Mama ni miguu ile ile na mdomo ule ule. Kazini tumepewa jengo jipya la ghorofa kumi na mbili, na watu wake ni kama wa majengo yote. Mtu anataka kushuka, anabonyeza juu na chini kwa pamoja akidhani lifti itamjia haraka, halafu analalamika kwamba inasimama ovyo. Nimewaeleza mpaka wamenibandika jina, Fundi Juu-Chini.

Nikusimulie kituko cha Mama. Simu yangu naiacha nyumbani, kwenye shimo la lifti hatuingii nayo. Kila ukilipa kwa kadi benki inaleta ujumbe, simu inalia ting. Basi Mama ameihamisha kutoka mezani, sasa inakaa kwenye mto wake. Ikilia asubuhi anasema, "Wameshapata mkate." Ikilia mchana, "Mtoto amekunywa maziwa." Jioni nikiingia ananisomea siku yenu nzima kama mtangazaji wa stesheni. Juzi nikamwambia, "Mama, hiyo ni benki, si redio." Akanijibu, "Kwani redio yako inanipa habari za mjukuu wangu?"

Picha ya nyonga imetokaje? Jumapili ulisema hatujambo, ukakata.

Wiki iliyopita nilipita benki, shughuli ndogo tu. Hiyo mashine ikikuuliza, kuna ugumu wowote ukibonyeza fedha ya huko? Nauliza tu.

Kula vizuri. Usijinyime.

Kaka yako.


Tarehe 24 Machi

Kaka,

Barua hii naituma kwa mkono wa mama tuliyekuwa naye wodini, anarudi leo na mwanawe. Nimemwomba akuletee kazini, si nyumbani. Akikupa mshukuru, maana ndiye aliyenishika jana nisianguke.

Msalimie Mama. Msalimie na wifi, ambaye kwenye barua yako umemruka kama ngazi iliyovunjika.

Picha ilitoka mwisho wa Februari. Nyonga imechomoka tena, ndani ya plasta, bila mtu yeyote kujua. Chiriku aliamka alfajiri akilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, nikakimbilia duka la dawa la hospitali. Jumapili yake nikawaambia hatujambo. Mama alikuwa kwenye simu, na neno jingine la kumpa sikuwa nalo.

Daktari anataka kumpasua tena, na iwe kabla ya tarehe 12 Aprili wakati mfupa ungali unakubali. Tukichelewa, mtoto huyu atatembea na soli yako ya mpira maisha yake yote, na siku moja hata hiyo haitatosha. Wafadhili walikubali kulipia mara moja. Mara hii ni juu yetu, na hospitali inataka malipo ya kwanza mezani ndipo iandike siku.

Jana nilishuka kwa keshia. Kadi ikakataa. Akaifuta kwa shati lake, akajaribu tena, ikakataa. Nyuma yangu kuna foleni, watu wanahema. Nesi mmoja tunayemwita Miwani, anayejua maneno machache ya kwetu, akaninong'oneza, "Mama, kadi imejaa." Nikamwambia haiwezi kujaa. Nimekaa na hesabu zangu kutwa nzima, mkate, maziwa, dawa, chumba. Hazifiki kwenye kikomo ulichonitajia, wala hazikaribii. Kilichobaki sijui kimekwenda wapi. Sijanunua hata leso ya kichwani. Kaka, niamini.

Na lile swali lako: hakuna ugumu. Nabonyeza ya kwetu kwa ajili yako. Kwa nini uliuliza?

Mdogo wako.


Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Nakuamini. Hilo litangulie. Barua nimempa dereva wa basi, nikamwekea na kitu mkononi ili asiisahau kwenye kofia yake.

Ule ujumbe wa kukataliwa Mama aliuona kabla yangu. Nilirudi nikamkuta ameiweka simu mapajani, kifudifudi. Alinisogezea kiti. Mpaka leo hajauliza.

Nimelipa kwenye kadi leo asubuhi. Nenda kwa keshia, safari hii itapita. Zimetoka wapi, usiulize.

Sasa nikuambie kilichoila kadi. Ukilipa ukiwa nje ya nchi, benki inakata ada yake juu ya kila unachonunua. Na hata ukinunua sindano, ada hiyo haishuki chini ya kiasi walichokiweka. Kwa hiyo mkate wa asubuhi una ada, maziwa yana ada, sabuni ina ada, na pengine ada imeipita sabuni yenyewe. Halafu ukibonyeza fedha ya kwetu, mashine ya duka inabadilisha kwa bei inayoipenda, mbaya kuliko ya benki, na benki bado inakata cha kwake kwa sababu duka liko nje. Ni kichwa kimoja kunyolewa na vinyozi wawili, na wote wanataka malipo. Ungebonyeza ya huko, tungebaki na kinyozi mmoja.

Binti wa benki alinichorea yote haya mwezi wa pili mwishoni. Kwenye barua yangu ya mwisho nilikuandikia, nikachana, nikaandika lile swali la kipuuzi. Ulikuwa umeniambia unanunua mkate mmoja mmoja kwa ajili yangu. Ningekuambia kila mkate una ada, ungeacha mkate. Nakujua tangu unatambaa.

Kaka yako.


Tarehe 27 Aprili

Kaka,

Ilipita. Chiriku alipasuliwa tarehe 9 na nyonga imekaa. Picha nimeiona kwa macho yangu, Nesi Miwani ameniinulia kwenye taa. Kichwa cha mfupa kimekaa ndani ya kikombe chake kama yai kwenye kijiko. Plasta mpya itakaa hadi mwanzo wa Juni. Mshukuru aliyetoa, awe yeyote.

Ila Chiriku amenyamaza. Tangu alipozinduka haongei. Wagonjwa wanamjia na mikono yao na nyuso zao za kuchekesha, anageukia ukutani. Ukipiga simu nikimwekea sikioni, anafumba macho. Miwani anasema itapita. Sijazoea chumba kisicho na sauti yake, naacha bomba la sinki lidondoke kidogo ili kuwe na kitu.

Sasa nisikilize, na usinikatize, maana hapa huwezi.

Ungeniambia. Mimi ni mama wa mtu, si mtoto wa kufichwa bei. Nikijua mkate una ada siachi mkate, nanunua mikate ya wiki kwa mara moja, tunaila ikiwa mikavu, tunaichovya. Wewe unawacheka watu wa ghorofani wanaobonyeza vyote viwili. Mimi umeniona nabonyeza kibaya, mwezi mzima, ukanyamaza kwa kunihurumia. Huruma yako hiyo ilikuwa ikitafuna mguu wa mtoto. Nakupenda, Kaka, wewe ndiye baba aliyebaki kwake, na yule mwingine usinitajie. Lakini usinihurumie tena bila kuniambia.

Kuanzia sasa itakuwa hivi. Kadi nimeifunga ndani ya soksi, ni ya hospitali peke yake. Ya kula nitumie kwa wakala, mara moja kwa mwezi, nami nachukua taslimu za huku na kuziweka kwenye kopo la maziwa. Hakuna vinyozi.

Nimeambiwa nisiulize zilikotoka. Sawa. Wifi hajambo? Hii ni mara ya tatu.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Umenichamba na nimechambika. Haki yako. Mpango wa wakala unakwenda vizuri, na kadi imeanza kupumua.

Wifi yako hajambo. Ukumbi tuliurudisha mwezi wa tatu, na waliotulipisha wakaturejeshea karibu yote; ndizo zilizolipa kadi. Si mimi niliyesema, ni yeye. Alisimama pale mlangoni, viatu mkononi, akasema, "Watu watakaa wapi si swali. Swali ni mtoto atasimamaje." Akavaa viatu akaenda kufundisha. Tutaandikishwa mbele ya karani mkisharudi, na anasema maua atayashika Chiriku, akitembea.

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini umeniambia nisifiche.

Simu imenyamaza. Sikuliwaza hilo hata kidogo, na nadhani wewe pia. Mwanzoni Mama alidhani imeharibika, akanituma niipeleke kwa fundi. Ikarudi nzima. Akawa anaishika mkononi tu. Baadaye akaacha kula mchana, akisema hana njaa. Nikaketi naye, nikamweleza kila kitu, ada, vinyozi, wakala. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mmejipanga vizuri."

Nikamwambia, "Mama, si unaongea naye kila Jumapili?"

Akasema, "Mwanangu kwenye simu siku zote hajambo. Ile siku mtoto alipoumia, benki iliniambia amenunua dawa alfajiri. Nikangoja Jumapili aniambie. Akaniambia hatujambo. Benki haina huruma ya kunidanganya."

"Kwa hiyo unafikiri nini?"

"Sifikiri. Mtoto haongei kwenye simu, benki haiongei, na wewe unaongea sana."

Jana nimekuta gauni la Chiriku, lile la njano lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango tangu mlipoondoka, halipo. Mama amelifua, amelikunja, ameliweka chini kabisa ya sanduku lake, mahali alipoweka koti la Baba tulipotoka kumzika. Mdogo wangu, unajua lile sanduku ni la akina nani. Nimeliona nikatoka nje.

Nimempa dereva yule yule, kwenye simu siwezi, hailali mbali na mto wake. Ukiipata hii, nunua kitu kwa kadi. Chochote, kidogo kabisa. Ada ni yangu.

Kaka yako.


Tarehe 8 Juni

Kwako Kaka, kwa wifi, na kwa Mama. Kaka, hii isome kwa sauti, asibaki mtu wa kunong'onezewa.

Nisameheni sikuandika mara moja. Nilikuwa nikingoja siku ya plasta, nisije nikawaandikia nusu.

Dereva alinikabidhi barua nikiwa na ndoo ya kufulia mkononi. Niliisoma pale pale ngazini. Nikaitoa kadi kwenye soksi, nikambeba Chiriku na plasta yake, kwa mkao ule wake wa kiti, mpaka dukani. Nikaomba mkate mmoja. Mashine ikauliza swali lake. Chiriku hakuwa na kitu cha kusogeza ila mikono, akanyoosha kidole. Nikamwambia, "Ngoja. Hiki ni cha huku, hiki ni cha kwetu. Ukibonyeza, simu ya Bibi inalia."

Akanitazama. Nilikuwa sijaisikia sauti yake tangu walipompasua. Akasema, "Bibi anasikia?"

"Anasikia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akabonyeza cha huku, kama nilivyomwonyesha. Halafu akainamisha mdomo kwenye mashine akaiambia, "Bibi, tumenunua mkate. Mimi ndiye nimenunua." Muuza duka akageuka akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Mama, ting ile ilikuwa yeye. Nasikia uliamka ukaomba chakula. Jumapili iliyofuata amekuchosha kwa maneno hadi salio likaisha, basi umejua. Lakini nataka nikuambie mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu: sitasema tena hatujambo siku ambayo tuna jambo. Utaniuliza, nitakujibu, hata kama jibu ni baya, na wewe utalibeba kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kubeba. Na wewe ule mchana. Sisemi mara mbili.

Kila Jumatano tunanunua mkate mmoja kwa kadi, mchana, na kidole ni cha Chiriku. Benki inakata cha kwake. Kaka, usinipigie hesabu ya hiyo, nimeshaipiga. Naihesabu kama stempu. Vingine vyote vinatoka kwenye kopo.

Plasta imetolewa juzi kwa msumeno mdogo unaolia kuliko unavyokata. Miguu imetoka myembamba, mikavu, yenye magamba, nikaipaka mafuta. Mtu wa mazoezi akamlaza mezani, akaileta miguu pamoja polepole, kisigino kwa kisigino. Akaweka rula juu yake. Nesi Miwani akavua miwani. Chiriku akainua kichwa akauliza, "Imegombana?" Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Imepatana."

Bado hatembei. Anasimama akishika kitanda, anahesabiwa, anakaa. Wanasema wiki chache zaidi ndipo tutapanda basi. Kwa hiyo bado nahitaji hivi, vyote isipokuwa fedha mumpe dereva:

Fedha ya chumba, hadi mwisho wa mwezi. Kwa wakala, si kwa kadi.

Mafuta ya kuchulia miguu, chupa moja ndogo, ile anayotumia Mama.

Daftari moja la picha za kupaka rangi kutoka kwa wifi, na penseli fupi fupi wanazoacha watoto wake wa chekechea, hizo hizo zinatosha.

Gauni la njano. Mama, lifungulie sanduku ulitoe wewe mwenyewe. Usilipige pasi, litakunjika njiani.

Viatu, jozi moja. Huku vipo, ila vya kwanza nataka vitoke mkononi kwa mjomba wake. Ndani ya bahasha nimetia uzi, ndio urefu wa unyayo. Na kile cha kushoto, Kaka, usikiongezee kitu. Soli yake iwe kama ya mwenzake.